Jicho Kwenye Paji la Uso

Ibaba ni kata ya milimani katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mpaka wa wilaya hiyo upande wa kusini ni mto Songwe, na ng'ambo ya mto ni Malawi. Kutoka huko hadi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mtu huikata nchi nzima kwa basi kisha akavuka na bahari. Kijana mmoja wa Ibaba aliifanya safari hiyo akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, kwa sababu ile ile iwaletayo visiwani vijana wengi wa bara: aliambiwa ziko kazi za hoteli.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya ufukweni. Wageni wa Paje hupenda mchezo wa kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, naye alikuwa akiyajaza matiara hayo upepo, akizinyoosha kamba zake, akilishika tiara hadi mwenyewe apige ishara ya kuachiwa. Kusi na kaskazi, zilizowahi kuwa riziki ya manahodha, zimekuwa riziki ya watu wa aina hii pia. Hapo ndipo alipoiona kamera ambayo baadaye ilimla mishahara ya miezi saba. Ilikuwa ndogo, inayofichika katika kiganja, haina mkanda wa shingoni wala kitundu cha kuchungulia. Mgeni huyu ameifunga kifuani, yule kwenye kofia ngumu, mwingine ameing'ata kwa meno kama mtoto aliyenyimwa kuzungumza.

Wauzaji huiita GoPro hata ikiwa ya kampuni nyingine, kama vile watu walivyozoea kuita kila dawa ya meno kwa jina moja. Kampuni yenye jina hilo ilianzishwa mwaka 2002 na Mmarekani, Nick Woodman, mpenda mawimbi aliyetaka picha zake mwenyewe akiwa juu ya maji. Kamera yake ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu ya milimita 35 na ikifungwa kwenye kifundo cha mkono. Ya mwaka 2006 ilikuwa ya dijitali, na video yake ilikoma baada ya sekunde 10. Hadi mwaka 2016 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kamera kubwa ya daraja lake la juu inayoweza kuzamishwa mita 10 bila kuvishwa gamba la plastiki. Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa kutokana na haja ya mtu kujiona. Haja ya kijana wa Ibaba ilikuwa nyingine.

Baba yake alikuwa akipoteza macho. Si mtoto wa jicho, ambaye daktari humwondoa mgonjwa akaona tena. Ulikuwa ugonjwa wa presha ya macho, glakoma, ambao huanza kuila pembe ya mwono polepole, bila maumivu, na anapokuja kutambua mwenyewe, kilicholiwa hakirudi. Dawa za matone huchelewesha tu. Mzee alikuwa bado anaona mbele yake, lakini kama mtu anayetazama kupitia mwanzi. Naye hakuwa ameiona bahari. Katika simu moja ya jioni aliuliza, bila uzito wowote, je, ni kweli kwamba bahari haina ng'ambo? Mwana akacheka, akajibu, simu ikakatika. Usiku ule hakulala vizuri.

Alifikiri kwanza kutumia simu yake. Lakini simu ile ilikuwa na ufa, na alitaka kuingia majini, kumpelekea mzee bahari ya ndani siyo bahari ya kandokando. Akaanza kuulizia kamera, na kuulizia kamera ni kuingia katika soko ambalo kila muuzaji ana tarakimu zake. Aliziona zilizoandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, bei yake haifiki robo ya zile zenye jina. Picha ya 4K ina upana wa pikseli 3840 na kimo cha 2160, yaani zaidi ya milioni nane. Nyingi katika zile za rahisi zina kihisi cha mwanga kisichofika huko, na programu ndiyo inayoivuta picha ndogo mpaka ienee, kama mpishi aongezaye maji kwenye tui ili chungu kionekane kimejaa. Mgeni mmoja mpole alimfundisha namna ya kuijua: tazama majani ya mnazi ulio mbali. Kamera ya kweli inayahesabu. Ya uongo huyapaka rangi.

Kisha lilikuja suala la fremu, yaani idadi ya picha zinazopigwa katika kila sekunde. Sinema ya kawaida huenda kwa 24. Kamera hizi hutoa 30, 60, hata 120 kwa wanaotaka kupunguza mwendo wa wimbi. Yeye aliamini kwamba nyingi ni bora. Wapenzi wa ushairi wangeweza kumsaidia hapo. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane na nane, na anayeongeza mizani haongezi maana. Hupata mshororo usioimbika. Kamera nayo ikipiga fremu 120, kila fremu hailipati hata jua la sehemu moja ya 120 ya sekunde. Ufukweni mchana, mwanga ni wa kumwaga. Jikoni Ibaba, kwenye moto wa kuni, picha ya namna hiyo ni kiza chenye chengachenga.

Hatimaye alinunua kamera iliyotumika, ya kampuni yenye jina, ya toleo la kabla ya mwaka 2016, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anaondoka. Ilikuwa bado inahitaji gamba lake ili iingie majini. Aliambiwa waziwazi kwamba ndani ya gamba sauti hufifia, maana maikrofoni imezibwa pamoja na maji. Akasema sauti si neno. Aliyataka macho.

Kosa lake la kwanza, hata hivyo, lilikuwa la kadi. Duka moja mjini lilimuuzia kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 128. Ndani yake zilikuwamo chache mno, na kila kilichozidi kiliandikwa juu ya kilichotangulia. Akapoteza wiki nzima ya rekodi. Tangu hapo akijua kwamba kadi mpya hujaribiwa kwanza: ijaze pomoni na upuuzi wowote, kisha uangalie kama upuuzi wote umebaki.

Kosa la pili halikuwa la mashine. Asubuhi moja ya bamvua, maji yalipokupwa hadi karibu na mwamba, alitembea pwani kamera ikiwa pajini, akitaka mzee aone namna bahari inavyoondoka ikaacha mchanga. Wanawake wa mwani walikuwa kazini, wameinama kwenye kamba zao kama walivyoinama mama zao tangu kilimo hicho kilipoanza visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mmoja, bibi wa makamo, aliinuka akashika kiuno.

"Mwanangu, hilo jicho la kwenye paji linamtazama nani?"

"Namtazamishia baba yangu bahari, mama."

"Na sisi ndio bahari?"

Akaivua. Zamani picha ilikuwa mapatano. Katika Mji Mkongwe, pale Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mtu alikwenda kwa miguu yake, amevaa kanzu ya kupigiwa pasi, akakaa alipoambiwa akae, akaombwa asipepese. Alijua ni lini anatazamwa. Kamera ya kujifunga mwilini imeliondoa ombi hilo, na ni haki kusema kwamba haikuondoa dogo. Bibi yule alikubali baadaye, baada ya kuulizwa vizuri na baada ya kujua jina la ugonjwa wa mzee. Alisema hata mumewe alikwenda na maji hayo hayo. Lakini alitaka aonekane mkono na mwani tu, uso usionekane, na kijana akaheshimu.

Likizo ilipowadia, alivuka kwenda Dar es Salaam, akapanda basi la barabara kuu iendayo Tunduma, mchana kutwa na sehemu ya usiku, kisha akaingia Ileje kwa gari dogo pamoja na magunia. Ilikuwa Juni. Baridi ya milima ile huwashangaza hata wenyeji waliokaa sana pwani, na betri za lithiamu huichukia kuliko wao. Iliyoonyesha nusu jioni ilikuwa imekufa alfajiri. Usiku wa pili alilala na betri zote tatu ndani ya shuka, kwapani, kama mama wa vifaranga.

Kikao cha kuitazama bahari kilifanyika baada ya chai. Shikamoo zikaisha, jirani wakaketi, mzee akapewa kile kioo kidogo nyuma ya kamera, kisha simu yenye ufa. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja. Lenzi ya kamera hizi ni pana mno. Hukusanya kila kitu, kushoto hadi kulia, na kwa kukikusanya hukisukuma mbali na kukipunguza. Mzee alikuwa na kijitundu cha mwono, naye aliletewa picha ambayo uzuri wake wote uko pembeni. Alikisogeza kioo, akakizungusha, akakikaribisha puani.

"Bahari yenyewe ni ipi?"

"Hiyo ya buluu, baba."

"Naona mstari."

Akaomba asikilize. Kutoka ndani ya gamba la plastiki, mawimbi ya Paje yalitoka kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akauliza, inanuka nini? Kijana akaeleza: chumvi, mwani uliooza kidogo, mafuta ya boti. Mzee akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana kuona kitu.

Kesho yake mzee ndiye aliyetaka kuivaa. Alisema kwa mzaha kwamba kama kuna jicho la ziada, lipewe mwenye upungufu. Mwana akamfunga mkanda wa kichwani, akalitafuta tundu la kishikizo kwa shida kwa sababu kichwa cha baba ni kidogo kuliko vya wageni, akabonyeza. Mzee akaenda na fimbo yake, kwenye shamba la mahindi lililokwisha vunwa, kisha kwa ndugu yake, kisha akarudi. Betri ilidumu muda wa kwenda na nusu ya kurudi.

Usiku mwana akatazama. Ilikuwa ardhi tupu. Mawe, mizizi ya mikaratusi, ncha ya fimbo, vidole vya miguu ndani ya kandambili, ardhi tena. Asiyeona pembeni haoni miguu yake mpaka ainamishe kichwa, basi mzee alikuwa ameinama njia nzima. Picha ilitikisika kwa kila hatua, na mguu wa kulia ulitikisa zaidi. Simu ilikuwa na programu ya kutuliza picha. Akaiendesha. Njia ikawa laini kama ya mtu anayeelea, nzuri kabisa, na baba hayumo. Akarudia ile ya kutikisika.

Mara tano au sita kichwa kiliinuka. Kila mara alikuwa mtu amesalimia. Uso wa jirani ulikuja katikati ya picha ukakaa hapo, na ukaendelea kukaa baada ya salamu kwisha, baada ya habari za nyumbani na za mifugo kwisha, hata jirani mwenyewe akaanza kutazama pembeni kwa haya. Mzee alikuwa akiwatazama watu kuliko inavyoruhusu desturi. Mwana hakuwahi kuliona hilo, kwa kuwa anayetazamwa hujiona kama anazungumzishwa tu.

Akarudisha mwanzo. Hakujua kwamba kamera ilikuwa imewaka tangu alipoibonyeza, kabla ya kumaliza kukaza mkanda. Uso wake mwenyewe ulijaza kioo: mdomo umeung'ata, jasho dogo juu ya mdomo, jicho liko kwenye kishikizo. Kishikizo kikafungika. Mikono yake ikashuka, akageuka kuchukua fimbo, akasema kitu na mama yake aliyekuwa jikoni. Picha haikutikisika. Ilimfuata polepole kila alikokwenda uani, ikimweka katikati, ikamngoja aliporudi na fimbo, ikakaa. Alihesabu sekunde kwa kidole kwenye kioo. Zilikuwa arobaini na moja.

Kadi ya pili, ile ya kweli, ilikuwa ndogo, na Ibaba hakuwa na kompyuta ya kuhamishia. Alfajiri akaketi kitandani na kufungua orodha ya rekodi za Paje. Akafuta mawimbi, akafuta mwamba wakati wa kupwa, akafuta matiara yote. Aliubakisha mkono wa bibi wa mwani, kwa sababu aliahidi. Kisha akazitoa betri kwapani, akaichagua iliyo na moto zaidi, akatoka nje. Mzee alikuwa ameshaketi kizingitini, kofia mkononi, paji likiwa wazi.

"Leo tupite wapi?" akauliza mzee.