Kuupanda Mlima Elgon

Msomaji, wewe ukaaye Chwele huuona kila kukichapo mlima ambao Wabukusu huuita Masaba. Je, umepata kuukwea? Jumamosi moja mimi na mwalimu mwenzangu tulipitia Kitale na Endebess, tukaingia kwa lango la Chorlim pamoja na kiongozi wa njia. Siku hiyo tulitazama pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchokoa miamba yenye chumvi kwa pembe zao. Kesho yake tulikielekea kilele cha Koitoboss, chenye mita 4,222. Tulikwenda polepole, kama impasavyo mgeni wa mlima. Hata hivyo, hewa ilipopungua, mwenzangu akaumwa na kichwa, akatapika. Kilele kilikuwa mbele ya macho yetu. Nikamwambia, "Mwalimu, turudi." Tulipoifikia mianzi, maumivu yalikuwa yamekwisha, naye akaomba chakula.