Komando wa Pili

Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Jumapili moja katika mtaa wa Jericho, Nairobi, penye wengi palikaribia kuharibika neno, na chanzo hakikuwa siasa wala deni, bali filamu.

Marafiki sita waliokulia mitaa ya Eastlands, yaani Jericho, Umoja, Kayole na Dandora, walikuwa wameafikiana kwamba kila mmoja aandike filamu 20 azipendazo kuliko zote. Karani mmoja miongoni mwao akatwikwa jukumu la kuzipanga orodha hizo na kuzichanganua, ili ibainike nani anafanana na nani kwa ladha. Orodha zilimfikia kwa njia anuwai. Nyingine zilitumwa kwa simu, na moja iliandikwa nyuma ya risiti ya vipuri. Hii ilitoka kwa fundi wa magari wa Kariobangi.

Suala la kwanza lilikuwa programu. Tovuti ya Letterboxd, iliyoasisiwa New Zealand mwaka wa 2011, humwezesha mtazamaji kuweka orodha yake na kuilinganisha na za wenzake. Lakini ingebidi wote sita wajisajili, na kila filamu huchaguliwa kutoka katika katalogi iliyokwisha kuandaliwa na wengine. LibreOffice Calc haina malipo. Hata hivyo, karani alikuwa ameizoea Excel kazini, na mazoea yana taabu. Akafungua lahajedwali lenye safuwima tano: rafiki, filamu, mwaka, nchi na lugha. Mistari ikawa 120.

Hapo ndipo alipoanza kutoka jasho. Filamu ya Commando ya mwaka wa 1985, aliyoigiza Arnold Schwarzenegger, ilikuwa imeandikwa "Commando", "Komando" na "ile ya Arnold ya kubeba gogo". Binadamu yeyote wa Eastlands angejua kwamba ni kitu kimoja. Tarakilishi iliona filamu tatu. Karani alikesha siku mbili akisawazisha majina. Kisha akatumia amri ya kuondoa marudio, ambayo Excel imekuwa nayo tangu toleo la 2007. Mtumiaji huteua safuwima za kulinganishwa, na mstari wowote unaorudia uliotangulia hufutwa. Aliteua rafiki na filamu. Mstari mmoja ukafutwa, 119 ikabaki, naye akalala akiwa ameridhika.

Jumapili, matokeo yaliposomwa, fundi alihesabu filamu zake kwa vidole.

"Zangu ni 19," akasema. "Moja iko wapi?"

"Ndugu yangu, uliandika Commando mara mbili," karani akajibu. "Ya tatu na ya kumi na moja."

"Sikukosea. Ya tatu ni ya Arnold. Ya kumi na moja ni ile iliyosimuliwa."

(Maneno yenyewe yalisemwa kwa Sheng. Hapa yamesanifishwa, na kwa kusanifishwa yamepungua utamu.)

Rafiki mmoja, mwalimu wa Kiingereza, aliangua kicheko. Akasema hiyo si filamu, ni kelele juu ya filamu. Fundi, aliyeacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane, aliichukua kofia yake. "Ile ya kwanza niliona watu wakirushiana risasi," akasema. "Ile ya pili ndiyo iliyoniambia kwa nini."

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulipuuza jibu hilo. Mkusanyaji wa ngano hunakili jina la fanani, mahali na wakati wa utambaji, maadamu ngano moja ikitambwa na fanani wawili huwa matukio mawili ya kisanaa. Msimulizi wa filamu naye ni fanani. Huwabatiza wahusika majina mapya, huwakejeli, humwonya shujaa asigeuze kisogo, na huingiza vichochoro vya Nairobi katika majiji ya Marekani. DJ Afro amejipatia umaarufu mkubwa nchini Kenya kwa sanaa hii. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, na Kampala inamjua VJ Jingo, anayesimulia kwa Kiluganda. Katalogi kubwa za filamu humtaja mwongozaji, mwigizaji, hata mtunzi wa muziki. Msimulizi wa kibandani hana safuwima yake. Kosa basi halikuwa la Excel peke yake. Ilifuta ilichoagizwa kufuta.

Mwenyeji wao ndiye aliyeokoa jahazi. Aliichukua karatasi ya mwalimu akaonyesha filamu iliyoongoza orodha yake: Nairobi Half Life, ya mwaka wa 2012. Mwanzoni mwa filamu hiyo Mwas anauza kanda kijijini kwao kwa kuwaigizia wanunuzi visa vyake. "Huyu wako anafanya nini hapa?" mwenyeji akauliza. Mwalimu akanyamaza. Baadaye, chai ilipokuwa imekwisha, alikiri kwamba Commando aliisikia kwanza kwa msimulizi, katika kibanda cha video Dandora, kabla hajakielewa hicho Kiingereza anachokifundisha leo.

Jioni ile karani aliongeza safuwima ya sita, "msimulizi", na kuurejesha mstari uliofutwa. Marudio sasa yangetambuliwa kwa kulinganisha safuwima tatu. Marafiki walizipitia orodha zao upya, kila mmoja akijaza alichokumbuka. Ilipofika zamu ya fundi, hakulikumbuka jina. Diski aliinunua barabarani, haina jalada. Karani akaandika "hajulikani".

"Futa hilo," fundi akasema, sasa kofia ikiwa mezani. "Anajulikana. Andika: yule anayekohoa kabla ya vita kuanza."

Karani akaipanua safuwima mpaka maneno yote yakaenea.