Macho Mawili, Kina Kimoja

Mshororo wa shairi la Kiswahili hugawika vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani yake, lakini mghani hawezi kusoma kimoja tu akadai ameufikisha ubeti. Macho nayo yameumbwa vivyo hivyo. La kulia huiona dunia kwa upande wake, la kushoto kwa wake, na ubongo huziunga picha hizo mbili zikawa moja. Katika tofauti ndogo iliyo baina yake ndimo hupatikana kina: nafasi kati ya ukingo wa chombo na ngazi ya gati, au kati ya uzi na tundu ya sindano. Mwingereza Charles Wheatstone alilidhihirisha jambo hili mwaka 1838, kwa chombo cha vioo kilichopeleka mchoro wake katika kila jicho.

Macho yasipoelekea pamoja, watu husema ni makengeza, na mara nyingi mtoto hupewa jina la utani kabla ya kupelekwa kwa tabibu. Ubongo wake mchanga, ukikataa kuona vitu viwili viwili, huinyamazisha picha ya jicho moja. Jicho hilo hufifia kwa kukosa kazi. Wako pia watoto ambao kasoro yao haionekani usoni. Hao humwaga chai nje ya kikombe, hukosa mpira unaowajia, na huambiwa ni wazembe.

Upimaji wake hauhitaji makuu. Tabibu humulika tochi, akatazama kama nukta ya mwanga imekaa mahali pamoja juu ya kila jicho. Kisha hulifunika moja na kulichunguza lililobaki wazi: likisogea ili kukishika kinachotazamwa, basi awali halikuwa likikielekea. Hulihamisha kifuniko huku na huku ili upogo uliojificha ujitokeze, na kwa prizimu huupima ukubwa wake. Mwishowe mtoto huvishwa miwani maalumu, akaonyeshwa picha ya nzi mkubwa. Anayetumia macho yote mawili pamoja huzibana mbawa hewani, juu ya karatasi. Asiyeyatumia pamoja huigusa karatasi yenyewe.

Herufi za ukutani, zisomwazo kwa jicho moja moja, hazijibu swali hilo. Mwanasayansi wa Marekani, Susan Barry, aliyajua hayo kwa maisha yake. Alikuwa na makengeza tangu uchangani, akapasuliwa mara tatu utotoni, macho yakanyooka mbele za watu. Alipofika chuoni ndipo alipogundua, akiwa darasani, kwamba macho yake hayashirikiani. Mafunzo ya wakati ule, yaliyotokana na utafiti wa Hubel na Wiesel waliotunukiwa Nobel mwaka 1981, yalimfahamisha kuwa mlango umeshafungwa. Hata hivyo, alipokuwa na miaka 48 alianza mazoezi ya macho kwa mtaalamu. Siku moja aliketi garini, akauona usukani umejitenga na kilichokuwa nyuma yake. Baadaye theluji, ambayo zamani aliiona kama pazia moja mbele yake, ilimwangukia pande zote, kila chembe mahali pake. Oliver Sacks alikiandika kisa hicho mwaka 2006, naye Barry akakisimulia kitabuni mwaka 2009.

Si kila mtu mzima atapata alichopata Barry. Udongo upatilize ungali maji: miwani, kuziba jicho lenye nguvu ili dhaifu lifanye kazi, au upasuaji, hufaa zaidi utotoni. Kwa hiyo mzazi asiridhike kwa kuambiwa kuwa mwanawe anasoma herufi zote, wala kwa kuona macho yamenyooka. Na aulize pia kama macho hayo mawili yanaona pamoja.