Siku ya Gulio Nyumbani Kwetu

Katika milima ya Usambara soko la siku maalumu huitwa gulio. Si soko kama lile la mjini, ambalo hufunguliwa kila asubuhi na kufungwa kila jioni. Gulio lina siku zake katika juma, na miji iliyo jirani haipendi kuziweka siku zake pamoja, ili mwenye kuuza apate kwenda leo huku na kesho kutwa kule. Siku nyingine uwanja huwa mtupu, na mbuzi hulala kivulini chini ya meza za miti. Lakini siku yake ikifika, mtu hapati mahali pa kukanyaga.

Jambo hili ni la zamani. Kabla ya reli na magari, watu wa Shambaai, yaani wa milimani, walikuwa wakikutana na watu wa nyika wakibadilishana mali. Wa milimani walishuka na ndizi, maharage na tumbaku. Wa nyikani walikuja na mifugo. Na Wapare walijulikana kwa chuma chao. Mishonari Krapf alipofika kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, aliona kwamba nchi hii ina serikali yake na desturi zake. Baadaye, mwaka 1905, reli kutoka Tanga ilifika Mombo, na vitu vya pwani vikapata njia fupi ya kufika chini ya milima yetu. Siku hizi malori ndiyo yapandayo, nayo hushuka na kabichi, viazi na matunda hata Dar es Salaam. Walakini gulio halikufa. Sababu yake twadhani ni hii: vitu vyaweza kununuliwa mahali popote, bali habari za jamaa hazipatikani dukani.

Mwezi wa Desemba tulikwenda nyumbani, sisi wawili na watoto wetu watatu. Tulipanda basi mpaka Mombo, ambako jua lilitupiga sana, kisha tukaingia barabara ya milimani yenye kona nyingi. Watoto walihesabu kona mpaka wakachoka. Tulipofika Soni, karibu na maporomoko ya maji, tukavaa masweta yetu, na kutoka hapo tukafuata njia ya kwenda upande wa Bumbuli. Jioni tulikuwa mlangoni kwa mama yetu.

Tulikuwa na furaha, lakini pia tulichukua shauri zito. Ndugu zetu walioko mjini walikuwa wamekubaliana kwamba mama aache kazi ya gulio, akae mjini kwa mmoja wetu. Kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukisafiri, walitutuma tumpelekee neno hilo. Sababu yao ilikuwa macho yake. Kwa muda wa miaka miwili mama alikuwa akiona kama mtu atazamaye ndani ya ukungu wa asubuhi. Ugonjwa huo huitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kama kioo kidogo, nacho kikianza kufifia kwa uzee, nuru haipiti vizuri. Hakuna dawa ya kutia matone iwezayo kukisafisha. Daktari hukitoa kwa upasuaji na kutia kingine kilichotengenezwa na watu. Mwezi wa Oktoba dada yetu alimpeleka hospitali, akapasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa linangoja zamu yake.

Tulipomwamkia, “Shikamoo, mama,” alijibu, “Marahaba, wanangu,” kisha hakutukaribisha ndani. Alimshika kitinda mimba wetu mashavu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama kimya. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili, na bibi yake alikuwa hajapata kuuona uso wake sawasawa. Akasema, “Kumbe huyu ana paji la uso la marehemu babu yake, wala hamkuniambia!” Hapo ndipo alipotukaribisha ndani.

Asubuhi ya pili ilikuwa siku ya gulio. Jogoo alikuwa hajawika bado, naye mama alikwisha kuwasha moto. Matunda damu yalikuwa tayari katika matenga mawili, maana Desemba ndio msimu wake. Tulichukua matenga, na watoto wakachukua mapeasi katika vikapu. Mama alijitwika maharage juu ya kata. Tulimwomba atuachie mzigo, akakataa, akisema kwamba mtu aendaye gulioni mikono mitupu huulizwa kama amefiwa.

Njiani kila tuliyekutana naye alisimama. Salamu za Kishambaa hazina haraka: utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mbuzi, na wewe utauliza hizo zote. Wanetu, waliozoea salamu za mjini, waliuliza kama tutafika kabla ya jua kuchwa. Tulifika, tena mapema, tukakuta uwanja umeanza kujaa. Upande mmoja walikuwa wenye viazi, karoti na kabichi. Upande wa pili wenye miwa na ndizi. Chini ya mti wenye vyungu, mikeka na kamba. Na karibu na barabara wauzaji wa mitumba, wakipiga kelele kuliko wote. Harufu ya samaki wakavu iliwaonyesha watu njia hata kama hawakuuliza.

Sasa twawapa habari za jamaa kama tulivyozipata siku ile, kila moja kutoka kwenye fungu lake. Kwa wenye ndizi tulimkuta shangazi, akatuambia kwamba binti yake amejifungua mapacha, mume na mke, na kwamba baba yao tangu siku hiyo haongei bali anahesabu nepi. Kwa wenye maparachichi tulisikia kwamba mtoto wa kaka yetu mkubwa ameshinda mtihani wa darasa la saba na amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Baba yake alikuwa gulioni kutafuta mnunuzi wa beberu, apate fedha za godoro na sanduku la shule. Beberu mwenyewe alikuwa amekula kikapu kizima cha mchicha wa mtu, na bei yake ikapunguka kwa kiasi cha mchicha ule. Mjomba alituarifu kwanza juu ya kuku wake kumi na wawili, jina la ugonjwa uliowapata na jinsi walivyopona; halafu, alipokuwa akiondoka, akageuka na kusema, “Nimesahau, mwanangu anaoa baada ya Pasaka. Matangazo yatasomwa kanisani.” Tena tulisikia kwamba watoto wanne wa ukoo wetu wamepata kipaimara, na kwamba nyumba ya dada yetu imekwisha kuezekwa bati.

Lakini habari kubwa kuliko zote hatukupewa na ndugu. Tulipewa na jirani wa mama pale gulioni, mama mmoja Mwislamu auzaye samaki, ambaye ameketi karibu naye miaka mingi. Mchana, wanunuzi walipopungua, alitueleza jinsi walivyoishi miaka ile miwili mama alipokuwa haoni.

Alisema, “Mama yenu alikuwa hatambui noti. Ya elfu kumi na ya elfu mbili kwake zilikuwa karatasi tu. Basi tulifanya hivi. Mtu akilipa, mmoja wetu husema kwa sauti kiasi alicholipa. Kwa kila shilingi elfu moja mama yenu hutia punje moja ya haragwe katika kopo lake. Jioni tunahesabu fedha mbele yake, na yeye huhesabu punje kwa vidole. Zikilingana, twafunga mizigo. Zisipolingana, hapana aendaye nyumbani.”

Tukamwuliza kama hapakuwa na mtu aliyejaribu kumdanganya. Akajibu kwamba alikuwako mmoja, kijana mgeni. Alitoa noti ya elfu mbili, akasema ni elfu kumi, akangoja chenji. Yule mama wa samaki hakupiga kelele wala kumwita mwizi. Alisema tu, “Mwanangu, itazame tena noti yako, huenda jua limekupiga machoni.” Kijana akaitazama, akainamisha kichwa, akalipa sawasawa, akaenda zake. Tangu siku hiyo wale akina mama waliyageuza mafungu yao, mama yetu akawa anaketi katikati, mmoja kuume na mmoja kushoto. Nao hawakutuletea habari hiyo mjini, kwa maana mama aliwakataza wasitutie wasiwasi.

Wasomaji, tulikumbuka Torati ya Musa, ilivyokataza kumwekea kipofu kikwazo, na ilivyoagiza mizani iwe ya haki. Tulipata kuyafundisha maneno hayo darasani mara nyingi. Siku ile tuliyaona yameketi chini juu ya gunia, yakiuza samaki.

Jioni, baada ya chakula, tulimpa mama shauri la ndugu zetu. Tulilisema kwa adabu, kama tulivyoagizwa, na sababu zote: umri wake, magoti yake, mlima, na mvua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Wanangu, nawashukuru. Najua ni upendo. Lakini mjini nitakula, nitalala, na nitatazama ukuta. Nilipokuwa sioni, niliona kwa macho ya wenzangu. Sasa Mungu amenirudishia jicho langu, nanyi mwataka niwaondokee kabla sijawatazama vya kutosha?”

Kaka yetu mkubwa akasema, “Mama, hatusemi juu ya macho peke yake. Mzigo ule utakuangusha siku moja njiani.” Neno hilo lilikuwa la kweli, na mama hakulikana. Njia ya kurudi kutoka gulioni ni ya kupanda, na siku ile ile tulimwona akisimama mara tatu na kushika goti. Tulikaa kimya kitambo. Tuliogopa asije akakubali kwa kutuheshimu, kisha akanyauka mjini kama mche uliong'olewa. Tena tuliogopa asije akakataa, halafu tukaitwa usiku kwa habari mbaya.

Mwisho mama mwenyewe alitoa njia. Alisema ataendelea kwenda gulioni mara moja kwa juma, si mara mbili. Mzigo utachukuliwa na mjukuu wake, yule asiye na shule siku hiyo, au utapakiwa juu ya pikipiki, na nauli italipwa na sisi watoto kwa zamu. Msimu wa matunda ukiisha, atakuja kwetu kwa mwezi mmoja, si zaidi. Na jicho la pili litapasuliwa. “Tena,” akasema, “wale walioko mjini wakitaka kunichukua kabisa, wasitume watu. Waje wenyewe siku ya gulio, waniombe kwa wenzangu.”

Tulicheka, lakini hakuwa anafanya mzaha tu. Gulio lililofuata aliwaeleza wenzake mbele yetu. Yule mama wa samaki akatutazama, akasema, “Waambieni ndugu zenu kwamba mahari ya huyu ni kubwa.”

Tuliporudi tuliwaita ndugu zetu, tukawapa majibu neno kwa neno. Mmoja alinuna kidogo, akisema kwamba mama ni mkaidi. Juma la pili yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuma nauli ya pikipiki kwa simu. Na mwezi wa Machi mama alikuja kwetu, kama alivyoahidi, jicho la pili limekwisha kupasuliwa. Alikaa siku ishirini na nane. Siku ya ishirini na tisa alifunga mzigo wake, akasema maharage mapya hayawezi kumngoja.

Twaandika haya kwa sababu tatu. Ya kwanza, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee ambaye macho yake yameanza kufunikwa na ukungu, msimtie majani wala maji ya mizizi machoni, kwa maana dawa za namna hiyo zaweza kuliharibu jicho zima. Mpelekeni hospitali mapema. Ya pili, msikate shauri juu ya wazee mkiwa mbali. Enendeni, mchukue mizigo yao siku moja, mwone njia wanayopita na watu wanaoketi nao; ndipo mseme. Ya tatu, wapeni shukrani wale wanaowatunza wazazi wenu msipokuwapo. Sisi tulimpelekea mama wa samaki kanga mbili kwa mkono wa mama yetu. Alizipokea, na siku ile ile akampa mama samaki watatu atuletee, na salamu kwamba kanga ni nzuri, ila ile ya pili ingefaa kuwa nyekundu.

Ndugu wasomaji, Mungu awalinde, nanyi na wazee wenu.