Kabla ya Kuulaumu Ubongo

Ndugu msomaji, sisi tuliozoea magari ya zamani tulijua kwamba gari likigoma, tatizo ni moja kati ya mawili: ama moto, ama mafuta. Fundi alisafisha plagi, akafungua kabureta, nalo likanguruma. Magari yaliyokuja baadaye yamepewa ubongo. Ndani yake kuna kisanduku kidogo cha chuma ambacho mafundi wetu hapa Kigoma hukiita kontroo boksi. Hicho ndicho kinachoamua petroli iingie kiasi gani na cheche itoke wakati gani. Lakini hakina macho. Hukaa gizani kikitegemea habari zinazoletwa na sensa kwa njia ya waya: moja hupima hewa, nyingine joto la maji, nyingine mzunguko wa injini.

Gari langu ni Corolla ya miaka ya 1990, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kwangu si anasa, maana ndilo linalompeleka mke wangu kliniki kila mwezi. Lilianza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, na kila tulipopita kwenye mashimo taa ya injini iliwaka, kisha ikazimika. Gereji moja ilitoa hukumu kwa kuutazama moshi tu: "Mzee, kontroo boksi imekufa. Tuagize nyingine Dar es Salaam." Bei waliyonitajia ilizidi pensheni yangu ya miezi mitatu.

Nikalipeleka kwa kijana mmoja wa Ujiji, fundi umeme wa magari, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Baada ya shikamoo, alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi ya ukaguzi chini ya boneti, akafungua swichi bila kupiga stata. Taa ilikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza tena mara mbili.

"Ishirini na mbili, Mwalimu," alisema. "Habari za joto la maji haziji sawasawa."

Nikamwuliza kama sensa ndiyo mbovu.

"Bado hatujui. Namba inataja njia inayolalamika, haimtaji mgonjwa. Njiani kuna sensa, kuna soketi, kuna waya, halafu ndiyo kontroo boksi."

Akatoa mita. Sensa hiyo huwa na ukinzani mkubwa injini ikiwa baridi, na ukinzani hupungua kadiri joto linavyopanda. Ikiwa baridi ilisoma zaidi ya omu 2,000. Injini ilipopata moto ikashuka hadi 300 hivi. Ilikuwa nzima. Akapima umeme ambao kontroo boksi hutoa kwa ajili ya sensa hiyo, akapata volti 5, kama inavyotakiwa. Mwisho akaupima waya wenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo mita ingesoma karibu na sifuri, ilisoma zaidi ya omu 1,000. Alipouchuna karibu na soketi tuliona kutu ya kijani imeila shaba, zimebaki nyuzi mbili tatu.

Hapo nilielewa. Ukinzani wa kutu ulijumlika na ule wa sensa, na ubongo ukaamini injini bado baridi, kama iliyowashwa alfajiri, hata ilipokuwa imepata moto sana. Ukaendelea kuimiminia petroli. Kwa habari ulizopewa, uliamua sawasawa kabisa. Kijana alikata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya kwa lehemu, na moshi ukakoma siku hiyo hiyo. Malipo yake hayakufika bei ya jogoo.

Sisemi kwamba kontroo boksi haifi. Nyingi za miaka ile zina kapasita ambazo kwa uzee huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba za umeme. Fundi hodari huzibadilisha, na kisanduku kikarudi kazini. Lakini hukifungua mwisho, akiisha kupima umeme unaoingia, waya wa hasi na kila njia ya habari.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkumbuka mvulana mmoja wa darasa la nne. Ilikuwa baada ya 1977, shule za msingi zilipofungua milango kwa watoto wote na madarasa yakafurika. Mwalimu wake alimwandika "kichwa kizito" na kupendekeza arudie darasa. Nikiwa mwalimu mkuu, nilisimama nyuma yake nikamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Wenzake waligeuka, yeye hakugeuka. Masikio yake yote mawili yalikuwa yakitoka usaha kwa muda mrefu. Tulimpeleka zahanati, tukamhamishia dawati la mbele. Alimaliza darasa la saba akiwasomea wenzake gazeti kwa sauti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa kontroo boksi imekufa, mwulize fundi kwa upole: "Waya umeupima?" Na ukiambiwa mwanao ni mzito wa kichwa, usianze kumfokea wala kumwekea bakora. Simama nyuma yake, umwite taratibu, uone kama atageuka.