Nyuma ya Meru kwa Betri Mpya

Akina mama wengi wa Arusha huutazama Mlima Meru kila asubuhi wakianika nguo, lakini huujua kwa uso mmoja tu, ule wa kusini wenye migomba, kahawa na mvua. Ni wachache waliofika nyuma yake. Mawingu humwaga maji yake upande wetu, na kaskazini hubaki vumbi, upepo na jua kali. Huko ndiko ninakotaka kukupeleka, mama mwenzangu, kwa gari ambalo kikundi chetu cha akina mama hulitumia mara nne kwa mwaka kwa huduma ya afya. Ni Coaster kuukuu iliyoondolewa viti vya nyuma na kuwekwa vitanda vinne, jiko la gesi, friji ndogo na paneli mbili za sola juu ya paa.

Tunashika barabara ya Moshi mapema, hasa siku za soko, kwani Tengeru hapapitiki. Tukifika Usa River tunakata kushoto, na muda si mrefu tumo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, maana barabara ya kwenda Ngarenanyuki hupita humo humo. Kuna uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, na mara nyingi twiga husimama karibu na njia wakitutazama kama wakaguzi. Baada ya maziwa ya Momella miti inapungua, nasi tunafunga madirisha kwa sababu ya vumbi.

Jina Ngarenanyuki linatokana na Kimaasai, maana yake maji mekundu. Ndiyo ardhi ile ambayo Wameru walifukuzwa mwaka 1951 ili wapewe walowezi, hata Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Leo ukifika utaona nyanya na vitunguu vinavyomwagiliwa kwa mifereji. Utaona pia meno ya watoto yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa maji ya upande huu yana madini mengi ya floraidi. Kwa hiyo maji ya kunywa tunayabeba kutoka mjini, na kila kilo ndani ya gari ina hesabu yake.

Tunapopiga kambi hakuna nguzo ya umeme. Akina mama wa huko huja jioni wakitoka shambani, hivyo kazi yetu huendelea mpaka saa tatu au saa nne usiku. Tunahitaji taa, friji ya insulini, na inveta ya kuendesha mashine ya kufukiza dawa ya kifua. Hayo yote yalikuwa yakitegemea betri mbili za asidi za volti 12, kila moja Ah 100.

Usiku wa kwanza zilitosha. Usiku wa pili ndio uliokuwa na majaribu. Safari moja ya mwezi wa saba, siku nzima ilikuwa ya mawingu, na usiku tukaletewa mtoto wa miaka mitatu aliyebanwa na kifua. Dawa haijafika nusu, inveta ikapiga mlio na kuzima. Tulichukua chupa ya maji ya nusu lita, tukaitoboa kitako, tukachomeka pampu ya salbutamoli, na mtoto akavuta dawa kwa njia hiyo hadi akatulia. Asubuhi tulikuta friji nayo imezima na kipimajoto kinasoma nyuzi 14. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Saa chache za namna ile haziiharibu, lakini tuliiandika tarehe ili itumike ndani ya mwezi badala ya kurudishwa akiba.

Wengi hudhani betri ya Ah 100 itakupa zote 100. Ile ya asidi ukiikamua kupita nusu mara kwa mara, inakufa kabla ya siku zake. Tena kadiri inavyoisha ndivyo volti zinavyoshuka, na kifaa kikubwa kama inveta hukata tamaa mapema. Betri ya lithiamu hukupa asilimia 80 hadi 90 ya ujazo wake bila kudhurika, na volti zake hubaki karibu palepale mpaka mwishoni. Hupokea chaji haraka pia, jambo la maana pale jua linapochungulia kwa saa tatu tu. Na uzito! Zetu mbili za asidi zilikuwa kilo 60 hivi, za lithiamu hazifiki 26. Nafasi hiyo tumeiweka maji, dumu moja na nusu zaidi.

Fedha zilitokana na mnada wa ndizi, mayai na kuku baada ya ibada, na hapo ndipo maneno yalipozuka. Betri za lithiamu zilikuwa karibu mara tatu ya bei ya asidi. Bibi mmoja mwenye heshima kikundini aliuliza, "Mwanangu, hela hizo si zingenunua magodoro ya wodi ya wazazi?" Lilikuwa swali la haki, nami sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Nilieleza tu kwamba za asidi tulikuwa tukizibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na hizi, zikitunzwa, zinaweza kupita miaka kumi. Tulipiga kura, na bibi alikuwa wa kwanza kutoa mchango wa nyongeza.

Kama mume wako ana gari la namna hii, au mna sola nyumbani, mwulize fundi mambo haya. Je, ni lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo haishiki moto kirahisi kama aina nyingine? Je, kidhibiti cha sola kimewekwa kwenye mpangilio wa lithiamu? Je, kuna chaja maalum kati ya altaneta na betri? Lithiamu huvuta umeme kwa pupa na inaweza kuunguza altaneta. Fyuzi ikae jirani na betri. Wala isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Ngarenanyuki hatufiki huko, ila kwenye vibanda vya juu mlimani barafu huonekana alfajiri.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni zile kuukuu. Kijana wa vyuma chakavu alizitaka siku hiyo hiyo, kwa bei nzuri, azivunje kwa nyundo nyuma ya nyumba, amwage maji yake na kuyeyusha risasi. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha mtaa mzima. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mtoto wake mchanga akaugua kwa risasi, alipigana hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa hiyo tulimkatalia yule kijana. Muuzaji wa betri mpya alikubali kuzichukua zikiwa nzima, kwa bei ndogo. Zilikaa siku tatu katika stoo ya kanisa, zimesimama wima ndani ya beseni la plastiki, mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa bibi, mpaka gari lake lilipokuja.