Mdundo Una Hesabu Yake

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lau wangefufuka leo na kusimama katika stendi ya matatu hapa Nakuru, nadhani wangeongeza kwamba hata debe lililojaa huvuma, na likivuma bila hesabu huungua.

Ndugu msomaji, matatu zetu unazijua. Sisi wanafunzi wa kutwa huzipanda asubuhi na jioni, kutoka Kaptembwa, Lanet, Free Area na hata Njoro. Kusema kweli, wengi wetu hatuchagui gari kwa uzuri wa breki zake. Twachagua kwa mdundo. Gari lisilo na wufa hubaki stendi likisubiri wazee na wagonjwa, huku lenye wufa mbili likijaa kabla makanga hajamaliza kuita. Wenye magari wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu fundi wa redio za magari hakosi kazi katika jiji letu.

Mimi ninaifahamu kazi hiyo kwa sababu baba yangu mdogo ni fundi wa jua kali. Jumamosi na wakati wa likizo humsaidia, naye hunilipa kidogo, pesa ambazo huenda moja kwa moja kwenye karo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Fizikia ya kidato cha tatu si ya kukariri tu. Yule Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827, hakuwahi kuona matatu, lakini kila wufa linalolia Nakuru linamtii yeye.

Hesabu ya kwanza ni ya wati. Spika huandikwa namba kubwa kwa rangi ya dhahabu, pengine wati 2,000. Hiyo ni ya kuuzia. Namba ya kweli ni ile ya nguvu ambayo spika inaweza kuibeba mfululizo bila kuungua, nayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya ndani. Amplifaya nayo itazamwe vivyo hivyo, kisha hizo namba mbili za kweli zikaribiane. Watu wengi hudhani kwamba amplifaya dogo haliwezi kudhuru wufa kubwa. La hasha! Amplifaya dogo likikazwa hadi mwisho hutoa sauti iliyokatwakatwa, na sauti hiyo inaweza kuchoma koili ya wufa.

Hesabu ya pili ni ya omu, yaani ukinzani. Chukua wufa mbili za omu 4 kila moja. Ukiziunga kwa mfuatano, amplifaya huona omu 8. Ukiziunga sambamba, huona omu 2. Ukinzani ukipungua nusu, mkondo wa umeme huongezeka maradufu, na mdundo nao hupanda. Ndiyo maana makanga hupenda sana sambamba. Lakini amplifaya lililotengenezwa kuvumilia omu 4 likipewa omu 2 huchemka kama sufuria ya githeri, na lisipojizima lenyewe huungua.

Hesabu ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Amplifaya linalotoa wati 500 hula kama wati 600 kutoka kwa betri, kwa maana nyingine hupotea kuwa joto. Gawanya 600 kwa volti 12, utapata ampia 50. Balbu moja ya taa kubwa ya gari ina wati 55, hivyo ni kama kuwasha taa kubwa kumi na moja kwa waya mmoja! Waya huo lazima uwe mnene, uwe wa shaba halisi, si wa alumini iliyopakwa shaba. Na karibu kabisa na betri lazima pawe na fyuzi. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya redio. Kazi yake ni kuulinda waya, na anayelindwa kwa kweli ni abiria, kwa sababu waya huo hupita chini ya viti vyao.

Muhula uliopita ililetwa matatu ya viti 14 ikinuka mpira uliochomeka. Mwenye gari, mama mmoja aliyelinunua kwa mkopo, alitaka tuongeze wufa la pili. Baba mdogo aliinua kapeti, nasi tukaona waya mwembamba ambao ganda lake lilikuwa limeyeyuka na kushikana na kapeti. Mahali pa fyuzi, fundi fulani alikuwa amefunga kipande cha waya mtupu. Siku hiyo hiyo gari lilikuwa limebeba watu 14.

Baba mdogo akamwambia, "Mama, kwanza tutoe waya huu wote, tuweke mnene na fyuzi. Wufa itafuata."

Mama akauliza bei. Aliposikia, akatikisa kichwa. "Fundi, wewe wanimaliza. Mkopo unanidai kila mwezi. Niwekee wufa tu, waya nitabadilisha mwezi ujao."

"Samahani mama. Siwezi kutia moto chini ya viti vya watu."

Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni, na gari lisilo na mdundo halilipi deni. Akaliondoa gari, na kesho yake wufa la pili likawekwa kwingine. Ile kazi ndiyo ingemaliza karo yangu. Nilikaa nyumbani siku tatu nikisoma daftari za wenzangu jioni. Nyumbani shangazi alilalamika kwamba heshima ya fundi haijazi sufuria. Mimi sikuweza kumjibu, kwa kuwa ni kweli haijazi. Lakini pia sikuweza kusema kwamba baba mdogo alikosea.

Niliporudi shuleni, kila asubuhi gari lile lilipita likidunda, limejaa wenzangu. Makanga wake tulisoma pamoja shule ya msingi. Siku moja nikamshika mkono pale stendi, nikamchorea betri, waya na fyuzi nyuma ya daftari langu.

"Wee msomi," akasema akicheka, "hiyo fyuzi ni pesa ngapi?" Nikamtajia. Akaacha kucheka. "Hiyo si ni kama nauli ya watu wachache tu? Na mimi ndiye hukaa juu ya huo waya!"

Jumamosi alikuja na pesa za fyuzi na waya, mwenye gari akiwa amekubali kuzitoa kwenye mapato ya wiki. Tuliufunga. Kuhusu kupunguza sauti, hilo alilikataa katakata, ingawa nilimweleza kwamba wataalamu wa usalama kazini huweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu, naye hushinda humo tangu alfajiri. Hata kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zilikataza makelele ya kupita kiasi. Alinijibu, "Sema tena, sijasikia." Sijui kama alikuwa akitania.

Wanafunzi wenzangu, siwaambii mwache kupenda mdundo, maana hata mimi naupenda. Nawaomba tu, mkinusa mpira ukiungua ndani ya gari, msinyamaze kwa kuogopa kuitwa washamba. Mwambieni dereva asimame, mshuke. Na ninyi mnaosema kwamba Fizikia haina faida, njoni Jumamosi muone waya ulioyeyuka. Tahadhari kabla ya hatari.